Ridi ya Saksafoni Inapogoma: Dalili, Chanzo na Tiba

Jumapili moja, kwenye mazoezi ya kabla ya ibada, binti anayepiga saksafoni ya alto katika kwaya yetu alinifuata machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, saksafoni imekufa. Nikipuliza inapiga yowe tu." Watu wawili walishamwambia kwamba pedi, zile zinazofunika matundu ya saksafoni, zinavuja na aanze kutafuta hela ya fundi. Nikamwambia, "Niletee mauthipisi peke yake, mwanangu." Nikakielekeza hicho kipande cha kupulizia dirishani penye mwanga. Ncha ya ridi, kile kipande chembamba cha tete kinachotetema ukipuliza, ilikuwa imejikunja mawimbi mawimbi, kama ukingo wa chapati iliyosahaulika juu ya kikaango. Tukaiweka ridi kwenye glasi ya maji dakika nne, nikailaza juu ya kioo na kuikandamiza ncha kwa kidole gumba mpaka ikatulia, tukaifunga tena. Ikaimba. Pedi zote zilikuwa nzima.

Nimeyaona ya namna hiyo mara nyingi mno, na yananiuma, kwa sababu anayeanza kupiga hujilaumu mwenyewe. Hudhani hana kipaji, au mapafu yake ni madogo, au chombo chake ni cha bei rahisi kwa hiyo hakina la kufanya. Kumbe kinachomsumbua ni kipande cha tete kisichofika urefu wa kidole chake. Basi tuzipitie dalili moja moja, na chanzo cha kila moja. Ninachokuomba tangu mwanzo ni hiki: usiitupe ridi, wala usikimbilie kununua namba nyingine, kabla hujaipima kwa mpangilio.

Ni ridi au ni saksafoni?

Hili ndilo swali la kwanza, na jibu lake halihitaji fundi. Weka akiba ya ridi moja unayoiamini, iliyozoeleka na inayopiga vizuri, na usiitumie kwa kazi nyingine yoyote. Mimi huiita ridi shahidi. Saksafoni ikikusumbua, toa ridi uliyonayo, funga shahidi. Tatizo likiondoka, chanzo ni ridi. Tatizo likibaki palepale, kwenye noti ileile, basi nenda kwa fundi bila kusita: huenda pedi ya G shapu imenata, kitufe cha oktava hakifungi sawasawa, koki ya shingo (ule mkanda laini unaoshika mauthipisi) imelegea, au umebana kitufe cha kiganja bila kujua. Kuna tofauti moja ya kusikiliza. Tatizo la pedi huwa na anwani, yaani linatokea kwenye noti fulani na zilizo chini yake. Tatizo la ridi huzurura, linakuvamia popote.

Kwa kazi hii ya ushahidi, ridi ya plastiki inafaa sana. Zile za Légère, zinazotengenezwa Kanada, hazipindi wala hazijali unyevu, kwa hiyo leo na mwezi ujao zinatoa jibu lilelile. Bei ya moja hukaribia ya boksi zima la tete, nami bado naipenda zaidi sauti ya tete, lakini kama shahidi haina mpinzani.

Ujue unachokishika

Ridi hutokana na mmea uitwao kitaalamu Arundo donax, wa jamii ya nyasi, ndugu wa mbali wa muwa, mwanzi na matete ya kwetu. Mashamba yake yenye sifa kubwa yako Var, kusini mwa Ufaransa, kandokando ya Mediterania. Mmea huachwa miaka kama miwili, hukatwa, hukaushwa na kuanikwa juani mpaka ganda ligeuke rangi ya dhahabu, ndipo uchongwe. Kampuni ya Vandoren ya Ufaransa iko kwenye kazi hiyo tangu 1905. Rico, ambayo leo iko chini ya D'Addario, hupata tete lake Ufaransa na Argentina.

Shika ridi mkononi. Sehemu nene yenye ganda ni kisigino, hapo ndipo ligecha, kile kibano chenye skrubu, inapobana. Kuanzia ganda linapoishia, tete limechongwa likishuka mteremko mpaka kwenye ncha, ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na karatasi ya daftari. Katikati ya mteremko kuna sehemu iliyoachwa nene kidogo: huo ni moyo. Ukiigeuza unakuta upande bapa, unaolala juu ya meza, yaani uso bapa wa mauthipisi. Sasa fikiria: kitu chembamba kama karatasi, kilichotoka kwenye mmea, kinalowa na kukauka kila siku. Kinakunywa maji, kinavimba, kinasinyaa, kinapinda. Ridi iliyopiga vizuri jana na leo imegoma haijarogwa. Imebadilika umbo tu.

Inapiga yowe

Yowe ndilo linalowaaibisha watu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Anza na kinachoonekana kwa macho. Je, ncha imekunjamana? Hiyo ni ridi iliyolowa upande mmoja kuliko mwingine, au iliyokauka ikiwa imefungwa. Iloweke kwenye maji safi ya uvuguvugu dakika tatu au nne, ilaze kwenye kioo, ikandamize kwa kidole. Je, ncha imemeguka pembeni, hata kidogo kama punje ya chumvi? Kwa ncha iliyomeguka hakuna dawa zaidi ya kuikata upya, na hilo nitalieleza mbele. Pitisha ukucha taratibu kwenye ncha, kuanzia moyoni kuelekea nje, usirudi nyuma kamwe, na utausikia ufa hata usipouona.

Kama ncha ni nzima, angalia mahali ridi ilipokaa. Ukiinua mauthipisi sawa na macho na kuibonyeza ridi kidogo ifunge, unatakiwa uone uzi mwembamba wa mauthipisi ukichungulia nyuma ya ncha, mwembamba kama unywele. Pembeni, ridi isizidi reli, yaani kingo mbili za mauthipisi, upande mmoja na kupungua upande wa pili. Nimewahi kumaliza yowe la mwezi mzima kwa kuisogeza ridi nusu milimita kushoto. Skrubu za ligecha zikaze kiasi cha kushika tu. Ukizikaza kama nati za gurudumu, kisigino kinabonyea na upande bapa unaachana na meza.

Bado inapiga yowe? Sasa pima kama inaziba. Lowesha ridi, ifunge vizuri kwenye mauthipisi iliyotolewa shingoni, ziba tundu la nyuma kwa kiganja, kisha nyonya hewa yote kupitia mdomoni na uachie. Ridi nzuri inaganda imefunga kwa sekunde moja au mbili, halafu inaachia kwa mlio mdogo wa "pop", kama kizibo cha chupa. Ikiachia papo hapo, au isishike kabisa, kuna hewa inapita. Rudia kwa ridi shahidi. Shahidi ikishika na hii isishike, upande bapa wa hii umepinda.

Tiba yake inahitaji kioo bapa na msasa wa maji namba 600, ule mweusi wanaoutumia wapaka rangi za magari. Weka msasa juu ya kioo, laza ridi upande bapa ukiangalia chini, weka vidole viwili juu ya ganda, kamwe si juu ya ncha, na uivute mara nane au kumi kwa mkono mwepesi. Ncha ibaki nje ya msasa, ikielea juu ya kioo. Geuza uangalie: palipoguswa pamebadilika rangi, pasipoguswa panang'aa kama awali. Utaona pengine kingo mbili tu ndizo zilizoguswa na katikati pana bonde, au katikati ndiko kulikovimba. Endelea mpaka rangi iwe moja. Nyonya tena usikilize. Mlio ule wa "pop" ukirudi, nusu ya matatizo yako yameondoka, na utashangaa jinsi noti za chini zilivyofunguka pia.

Baada ya kuziba kuna mizani. Ridi nyingi, hata za bei, huja upande mmoja mgumu kuliko wa pili. Kupima ni rahisi: puliza noti ya katikati isiyo na shida, kisha zungusha kichwa cha mauthipisi mdomoni ili mdomo wa chini ukandamize pembe moja na kuiacha nyingine huru. Sikiliza. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Upande ulioachwa huru ukaimba kwa ulaini hauna shida. Upande unaokoroma au kutoa hewa tupu ndio mzito. Utie alama ya penseli kwenye ganda ili usije ukachanganya kushoto na kulia ukiishaitoa. Kosa hilo linaua ridi nyingi. Halafu kwa kipande kidogo cha msasa uleule, futa upande mzito mara mbili tatu, kati ya moyo na ncha, pembeni. Moyo usiuguse. Funga, puliza, sikiliza, rudia. Mara mbili tatu, si kumi.

Nilipokuwa kijana niliharibu ridi nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo kwa kutosikiliza katikati ya kufuta. Nilifuta, nikafuta, nikaijaribu mwishoni. Tete lililotoka halirudi.

Pumzi nyingi, sauti haba

Unapuliza, nusu ya pumzi inatoka kama upepo wa feni, mashavu yanauma baada ya nyimbo mbili. Wengi hukimbilia kusema ridi ni ngumu, na mara nyingi ni kweli. Lakini fanya kwanza jaribio la kunyonya, maana ridi inayovuja nayo hutoa upepo, na ukiibadilisha kwa laini zaidi utakuwa umetibu kidonda kisicho chako.

Ikiwa inaziba na bado ni nzito, ishushe kidogo chini ya ncha ya mauthipisi. Kushusha huilegeza, kupandisha huikaza. Ni marekebisho ya bure na watu huyasahau. Isipotosha, futa kidogo mteremko wote kwa usawa, kushoto na kulia, ukiuacha moyo. Na kama ni ridi mpya isiyozidi siku mbili, usifanye lolote. Ipe wiki.

Hapa inabidi tuongee kuhusu namba, kwa kuwa ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Namba iliyoandikwa nyuma ya ridi, 2, 2½, 3, haipimi unene. Ridi za aina moja huchongwa kwa vipimo vilevile, kisha mashine huzipima kwa kuona zinapinda kwa ugumu gani, ndipo zinapangwa. Tofauti iko ndani ya tete lenyewe. Na namba za kampuni moja si za kampuni nyingine. Vandoren ya boksi la bluu namba 2½ hukaribia Rico ya boksi la chungwa namba 3. Hata ndani ya Vandoren wenyewe, Java 2½ ni laini kuliko ile ya bluu 2½. La Voz hawatumii namba kabisa, wanaandika kwa maneno kuanzia laini hadi ngumu. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi napiga tatu", muulize tatu ya nani.

Na tatu juu ya mauthipisi gani? Mauthipisi yenye mdomo uliofunga, kama Selmer C* inayopendwa na wapigaji wa muziki wa klasiki, hubeba ridi ya 3 bila malalamiko. Ile yenye mdomo wazi, kama Otto Link 7* kwenye saksafoni ya tena (tenor), hutaka laini zaidi, maana ridi ina safari ndefu ya kwenda kufunga. Kijana aliyeazimwa mauthipisi pana na mpigaji wa bendi ya dansi, akaifungia ridi zake za 3 za shuleni, atapuliza mpaka aone nyota. Hakuna heshima iliyofichwa kwenye namba kubwa. Nimewasikia wapuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni, wakijaza ukumbi mzima kwa 2½.

Noti za chini hazitoki

Unatafuta B flati ya chini inatoka ya juu, au inatetemeka kama inachemka. Kutetemeka kwa namna ya maji yanayochemka ni dalili ya pedi kuvuja mara nyingi kuliko ridi, kwa hiyo shahidi aitwe mapema. Kama ni ridi, aidha ni ngumu, aidha imepinda upande bapa. Yote mawili tumeshayapitia.

Noti za juu zinakaba, au zinashuka

Hii ni kinyume chake: ridi laini mno, au iliyochoka. Ukipuliza kwa nguvu inajifunga na sauti inakatika. Noti za juu zinakuwa chini ya piano hata ukibana. Sauti ya jumla ni nyembamba, inavuma kama nyuki ndani ya kopo. Jaribu kwanza kuipandisha juu kidogo. Kisha angalia mdomo wako, maana anayeng'ata sana huifunga hata ridi nzuri. Toa mauthipisi ya alto, ipulize peke yake kwa pumzi ya kawaida ukitazama tyuna (kipima noti) ya simu: inatakiwa ikae karibu na A ya piano, ile ya hezi 880. Ikiwa juu ya hapo, unang'ata. Ikiwa chini sana na mdomo wako uko sawa, ridi imelegea.

Ridi iliyolegea inaokolewa kwa kukatwa ncha. Kuna kifaa maalumu cha kukatia, kinakata kwa umbo la duara linalofuata ncha ya mauthipisi. Kata kiasi cha robo milimita, au chini ya hapo, ijaribu, halafu laini pembe kwa msasa. Wapigaji wa zamani waliibana ncha kwenye sarafu na kuunguza kinachochungulia kwa kiberiti, nami nimeona ikifanikiwa, ila sikushauri uanze na ridi unayoipenda. Kukata kunairudishia ridi ugumu na pia kunaondoa ncha iliyomeguka. Ndiyo sababu ridi laini kidogo iliyomeguka inafaa kukatwa mapema na kupumzishwa, kuliko kutupwa.

Jana nzuri, leo imekufa

Hili ni la hali ya hewa, na sisi wa pwani tunalijua kuliko wote. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa imejaa maji. Ridi haikauki sawasawa, inabaki na unyevu ndani na kuota ukungu. Dodoma wakati wa kiangazi mambo hugeuka: inakauka haraka mno, upande mmoja kabla ya mwingine, na kupinda. Wanaopiga hotelini, iwe Dubai, Maskati au hapa kwetu, wana taabu ya tatu: ukumbi una kiyoyozi kinachokausha kila kitu, na nje kuna joto la mvuke. Ridi inavuka mpaka huo mara nne kwa usiku mmoja.

Kanisani kuna adui mwingine asiyetajwa, nalo ni mahubiri. Umepiga wimbo wa sifa, umeketi, saksafoni iko kwenye stendi na ridi iko wazi chini ya feni. Dakika arobaini baadaye unaitwa kwa wimbo wa maitikio, unapuliza, yowe. Ridi imekauka. Ifunike kwa kofia ya mauthipisi kila unapoketi, na dakika mbili kabla ya kuitwa iweke mdomoni uiloweshe tena. Yule binti wa kwaya sasa huanza kuilowesha mchungaji akisema "na mwisho kabisa", na anajua kwamba hapo bado ana dakika kumi.

Ukimaliza kupiga, usiiache ridi kwenye mauthipisi usiku kucha. Kama ni jambo moja tu utakalolichukua hapa, lichukue hilo. Itoe, isuuze kwa maji safi, ifute kwa kitambaa kutoka kisigino kuelekea ncha, ilaze kivulini juu ya kioo kama robo saa ipumue, kisha iweke kwenye kijaluba chenye kitako bapa. Ile ganda ya plastiki iliyokuja nayo inatosha kama hujapata kijaluba. Pwani usiifungie ikiwa mbichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Bara palipo pakavu, kijaluba kinachofunga vizuri pamoja na kifuko cha kudhibiti unyevu kinasaidia kweli.

Kuna madoa

Madoa ya kahawia kwenye ganda, kama ya twiga, ni ya mmea wenyewe na hayana neno. Madoa meusi au ya kijivu yenye manyoya kwenye mteremko au upande bapa ni ukungu. Hiyo itupe. Usiivute hewa yake mapafuni kwa sababu ya kuokoa pesa kidogo. Kwa ridi ambayo haijaota ukungu ila imeanza kunuka au kuteleza, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, dakika kumi na tano, halafu maji mengi safi. Na usiazime ridi wala usiazimishe. Ridi ni kama mswaki.

Boksi jipya lote ni baya

Umenunua boksi, ridi kumi za alto au tano za tena, umezijaribu zote jioni moja, na hakuna hata moja. Karibu kila mpigaji amepitia jioni hiyo. Kosa ni kuzijaribu zote kwa mara moja, kwa nguvu, siku ya kwanza.

Fungua nne tu. Ziangalie kwanza kavu. Zielekeze kwenye taa: kivuli cha moyo kinatakiwa kionekane katikati, kikishuka kwa usawa kushoto na kulia kama mlima wenye kilele butu. Nyuzi za tete zinyooke mpaka ncha, zisikatize. Ganda lenye ukijani ni la tete changa, nalo huchoka mapema. Hiyo iweke pembeni ikae miezi kadhaa. Kisha andika namba na tarehe kwa penseli kwenye kisigino.

Siku ya kwanza, loweka kila moja kwenye maji dakika mbili tatu, ikandamize kwenye kioo, ipige dakika tano tu kwa sauti ya wastani, noti za katikati, usiende juu. Ikaushe. Siku ya pili dakika kumi. Siku ya tatu robo saa, na sasa ndipo unapoanza kusikia ina tabia gani, na ndipo jaribio la kunyonya na la kuzungusha mdomoni linapoanza kusema kweli. Kabla ya hapo tete bado linajifunza kunywa maji na kukauka, na ukilifuta siku ya kwanza unatengeneza umbo ambalo kesho halipo. Wakati huohuo sugua upande bapa kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, mara ishirini hivi, mpaka ung'ae kidogo. Vitundu vya tete hujifunga na maji huingia taratibu. Siku ya tano zipige kwa saa nzima kama kawaida. Baada ya hapo zizungushe: leo namba moja, kesho mbili. Nne zinazopokezana hudumu muda mrefu kuliko nne zinazopigwa moja baada ya nyingine mpaka kufa.

Katika boksi la kumi mimi hupata mbili au tatu za kupigia mbele ya watu, nne au tano za mazoezi, na zilizobaki ni za kurekebisha. Kwa hiyo hesabu yangu ninaponunua haianzi na kumi. Ukipata zote mbaya kabisa, angalia kama boksi ni la kweli: uchapaji uliofifia, ridi zisizokuwa na chapa nyuma, au ncha zenye mapana tofauti ni sababu ya kurudi dukani. Zile zinazokuja bure ndani ya kasha la saksafoni mpya, zisizo na jina, usizipe uamuzi wowote kuhusu kipaji chako.

Imekwisha kweli

Ridi iliyozeeka hujitambulisha. Ncha inakuwa ya kijivu na kupitisha mwanga zaidi, tete linalegea chini ya kidole na halirudi haraka, sauti inakosa mwangwi hata baada ya kuikata. Kwa anayepiga kila siku hiyo ni wiki chache tu. Kwa wa Jumapili peke yake inaweza kufika miezi.

Usizitupe zote. Ziweke kwenye bahasha. Ukitaka kujifunza kufuta kwa msasa, jifunzie kwenye hizo: chukua moja iliyokufa, tia alama upande wa kushoto, futa mara mbili, puliza, sikiliza kilichobadilika. Kisha mara mbili tena, mpaka uiharibu kwa makusudi, ili mkono wako ujue mpaka uko wapi. Binti wa kwaya alianza na bahasha yangu yenye kumi na nne. Wiki iliyopita aliniletea ridi yangu mwenyewe, namba tatu, niliyokuwa nimeikatia tamaa. "Ilikuwa nzito kulia, mwalimu. Nimeifuta mara mbili tu."

Nikaifunga, nikapuliza B flati ya chini. Ikatoka taratibu, bila hewa.